Deklara Aliyekataza Blanko

Ukitaka kumkasirisha deklara wetu wa Baraka, ingia kwenye biro yake, yaani ofisi yake, na kichupa cha blanko mfukoni, ile rangi nyeupe ya kufunikia makosa. Si lazima ukitoe. Atakijua tu. Siku moja karani wa shule fulani alimletea karatasi yenye doa jeupe, na juu ya doa jina limeandikwa vizuri kabisa. Deklara aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Chini ya hii rangi kuko nini?"

"Ni kosa kidogo tu, mama."

"Kama iko kidogo, juu ya nini unaivalisha shuka?"

Karani akarudi shuleni kuandika nyingine. Mimi nilikuwa benchini nangoja zamu yangu, nikacheka mpaka akanitolea macho na mimi.

Deklara, kwa asiyeijua kazi hiyo, ni mtu anayetengeneza karatasi za mizigo: za forodha, za boti, za benki. Hapa Baraka wako kadhaa, na baadhi yao wana kompyuta nzuri kuliko yake. Lakini msimamishe mtu wa moto, pikipiki ya abiria, pale bandarini, mwambie akupeleke kwa deklara, uone kama atakuuliza yupi. Atakupandisha na kukushusha kwenye nyumba yenye mlango wa kijani, na utamkuta mama mnene wa wastani, kitenge kimefungwa vizuri, miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani, anautafuta wa tatu.

Mimi ni gerani, yaani msimamizi, wa depo ya kahawa ya koperative yetu. Nimefanya kazi naye miaka mingi, na miaka hiyo hiyo nimegombana naye. Tuligombania magunia, tukagombania tahajia, tukagombania hata jinsi ya kupika sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa kuwa yeye aliimwagia mawese mpaka kijiko kinaogelea. Nasema mapema ili usidhani nakupigia soga tu: kuna mwaka mmoja ambapo koperative yetu ilikuwa inakaribia kupasuka vipande viwili, na kilichotuzuia tusipasuke ni ukaidi wa mama huyu. Nitafika huko. Ngoja kwanza umjue.

Alikuwa na sheria moja kuhusu makosa. Kosa likiwa kwenye karatasi, unalikata kwa mstari mmoja tu, mwembamba, ili lisomeke bado. Hapo juu unaandika lililo sahihi. Halafu anasaini yule aliyeitoa karatasi, jina lake na kazi yake, pale pale pembeni. Siyo mkubwa wake, siyo rafiki yake, siyo wewe uliyeliona. Yeye.

"Kosa iko na mwenyewe," alituambia. "Mwenyewe njo anaikata, mwenyewe njo anasaini. Mwengine akisaini, ile ni fitina."

Na usifikiri sheria hiyo ilibaki biro. Wakati fulani majirani zake wawili walitukanana pale kwenye robine ya maji, matusi mazito, ya kutaja wazazi. Kesho yake pasta akaja kwa aliyetukanwa kuomba msamaha kwa niaba ya aliyetukana, watu wakafurahi, mambo yameisha. Deklara, ambaye hakuhusika hata kidogo, alitoka nyumbani kwake na kanga ya kulalia.

"Pasta, we ulitukana?"

"Hapana, mama."

"Basi rudia kwako, unywe chai. Mwenye alitukana akuje."

Tulimwambia anaharibu amani. Wapi. Alisimama pale mpaka yule mama aliyetukana akaitwa, akaja, akasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alikosa. Wale wawili mpaka leo wanachotana maji. Pasta ndiye aliyemnunia.

Sasa usije ukamwona mtakatifu. Huyu mama, ambaye kwenye karatasi asingekubali nukta iliyokaa pabaya, kwa mdomo alikuwa muongo wa sifa zote. Alikuwa na hadithi ya wimbi lililompata ziwani akitoka Kigoma. Mara ya kwanza niliyoisikia, maji yalimfika magotini. Mwaka uliofuata yalimfika kifuani. Siku moja, mbele ya wageni waliotoka Kilembwe, boti ilipinduka kabisa na yeye akaogelea na mashine ya kuandikia kichwani. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama Deklara, mara ya kwanza ulisema magoti."

Aligeuka polepole. "We, ile ilikuwa mudomo. Mudomo haina orijinali."

Wageni walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi pia. Unamfanya nini mtu kama huyo?

Na kwaya. Mungu anisamehe. Aliimba sauti ya pili, na sauti ya pili ilikuwa njia moja, yeye njia nyingine. Mwalimu wa kwaya alimsahihisha Jumapili nyingi, kwa upole, kwa ukali, kwa kumhamishia nyuma karibu na ukuta. Alijibu kwamba yeye ndiye anaimba ilivyoandikwa, waliobaki wote wamepotea. Mtu aliyeishi kwa kusahihisha wenzake hakupenda kabisa kuguswa. Nilimwona akikubali kusahihishwa mara moja tu, na hiyo nayo ni ya safari ile ninayokuelekeza.

Kuhusu koperative, basi. Kahawa yetu inatoka kwa watu wa aina mbili. Wako wa huku chini, familia za ziwani na za mashamba ya kuelekea Fizi. Wako wa kule juu milimani, wafugaji na wakulima, wanaozungumza Kinyarwanda nyumbani na wanaoshuka na kahawa yao kwa miguu. Kila mtu hapa anajua kwa nini pande hizi mbili zimechukua muda mrefu kukaa benchi moja, sina haja ya kukusimulia. Tulipoanza, tulimpa mama mmoja wa milimani uprezida, tukampa mzee mmoja wa ziwani hazina. Tukawaita Mama Prezida na Papa Kesie. Waliheshimiana. Kuaminiana ni neno lingine.

Ndiyo maana kwetu hakuna kitu kilichofanyika bila mihuri miwili, au kashe mbili kama tunavyosema. Barua ya kununua kamba tu, kashe ya kanisa la juu na kashe ya kanisa la chini. Ikiwa na moja, upande wa pili unauliza: mbona sisi hatukuitwa? Deklara aliziona barua hizo akatikisa kichwa, lakini hakusema neno. Nilishangaa. Baadaye aliniambia kwamba watu wanaoogopana waachwe wapige kashe, maana kashe haijaua mtu.

Halafu ukaja ule mwaka. Kwa mara ya kwanza tulipata mnunuzi wa Ulaya aliyetaka kahawa yetu moja kwa moja, ya pande zote mbili, ndani ya kontena moja, kwa jina letu. Tulikuwa kama watoto siku ya sikukuu. Malipo yangepita kwa barua ya ahadi ya benki, ile wenye kazi yao wanaita kredi dokumantè. Deklara alituita wote depo akatueleza akiwa amesimama juu ya gunia, kwa kuwa alipenda kuonekana.

"Munisikilize. Benki ya kule haitaona kahawa yenu. Haitaionja, haitainusa. Itaona paka karatasi, karatasi tu. Ile barua inasema mulete karatasi gani na zisemeje. Zikisema vile vile, banalipa. Zikisema ingine, ata kidogo, banaweza kukataa, na kahawa itabaki mu bahari haina baba wala mama. Na kuko siku ya mwisho ya kuzipeleka. Ikipita, imepita."

Mzee mmoja wa milimani akauliza: kama itakataliwa, tutauzaje? Tulijua. Yule mchuuzi wa zamani aliyekuwa akinunua kahawa ya juu kando na kahawa ya chini kando, na kumwambia kila upande kwamba ule mwingine unamwibia, alikuwa anangoja tu. Kahawa ikirudi, kila upande ungerudi kwake peke yake, na koperative ingekuwa kibao mlangoni.

Karatasi kubwa kuliko zote ni hati ya mzigo, anayoitoa msafirishaji akithibitisha amepokea mzigo wapi na anaupeleka wapi. Inatoka orijinali tatu, na benki inazitaka zote tatu. Kwetu ingetolewa na ajenti wa msafirishaji kule Kigoma. Mama Prezida na Papa Kesie wakavuka ziwa pamoja na kahawa. Kwa kawaida ajenti anatuma kwanza picha ya hati kwa simu ili deklara aisome. Siku ile rezo, mtandao wa simu, ilikuwa imekufa Baraka nzima. Deklara alizunguka uani ameinua simu juu kama anaanika nguo, hakuna kitu.

Walirudi wakiwa na furaha tele. Mimi ndiye niliyewapokea bandarini. Mama Prezida akafungua mkoba wake akatoa orijinali moja. Papa Kesie akafungua shati akatoa nyingine. Ya tatu walinipa mimi, kwa kuwa depo ni ya wote.

"Munatembeaje nazo hivi?" niliuliza.

"Moya kwangu, moya kwake," alisema Papa Kesie. "Ni vizuri hivyo. Hakuna maneno."

Nikaitazama ya kwangu. Pale pa kupokelea mzigo palikuwa pamechapwa Uvira, pamekatwa kwa peni, na juu pameandikwa Baraka. Walinieleza: ajenti kazoea kahawa zote za huku ni za Uvira, vidole vikaandika vyenyewe. Papa Kesie alipolalamika, ajenti akakata kwa peni pale pale gatini, kwenye zote tatu, boti inapiga honi, akawarudishia. Barua ya benki inasema Baraka. Sasa hati inasema Baraka. Tukashukuru Mungu.

Lakini kosa lililokatwa bila kashe, hata sisi tulijua ni dhaifu. Kwa hiyo tukafanya kama tulivyozoea. Mama Prezida akapanda nazo mlimani, zote tatu, Papa Kesie yuko nyuma yake kwenye moto nyingine. Zikapigwa kashe ya kanisa la juu. Wakashuka, zikapigwa kashe ya kanisa la chini. Kisha ya koperative. Kisha mtu akasema ya chifu inakosekana, ikawekwa na ya chifu. Pembeni ya lile neno Baraka pakawa hapaonekani karatasi, ni duara juu ya duara, za buluu, za zambarau, moja nyekundu. Tulizitandaza juu ya meza ya depo tukazitazama. Nakwambia kweli, zilipendeza.

Deklara alipoziona alikaa chini. Alivua miwani wa puani, akavaa wa kichwani, akavua na huo. Mama Prezida alikuwa upande huu, Papa Kesie upande ule, na mimi mlangoni.

"Hii kashe ni ya nani?"

"Ya pasta wetu," alisema Mama Prezida.

"Na hii?"

"Ya wetu," alisema Papa Kesie haraka.

"Na ajenti? Mwenye karatasi? Yeye alisaini wapi?"

Tukainama juu ya zote tatu tukitafuta. Ajenti hakuwa amesaini popote pembeni pa kosa. Alikata tu akakimbilia boti.

Nilimjua huyu mama. Nilimngoja alipuke, nilitamani hata kutoka. Badala yake alishusha sauti, akasema kama anawasimulia wajukuu: "Mulifanya harusi. Mulileta mapasta wote, mulileta chifu, bashahidi bamejaa kanisa. Bibi arusi njo hakuko. Bila yeye, hatuna ndoa."

Papa Kesie akaanza kusema kwamba lile wazo la kupanda mlimani kwanza halikuwa lake. Mama Prezida akasema kashe ya chifu nani aliitaka? Sauti zikapanda. Nikaona kwa macho yangu yale tuliyoyaogopa yanaanza, pale pale, juu ya meza, kahawa bado haijafika hata pwani. Siku ya mwisho ya benki ilikuwa karibu kiasi kwamba deklara hakutaka kuitaja.

Akapiga meza. "Munyamaze. Tunaenda Kigoma. Sisi bote. Kesho asubui."

"Nani atabeba orijinali?" waliuliza wote wawili kwa mpigo.

Deklara akawatazama. "Kila mutu yake," akasema. "Kama vile mulizoea."

Nilimwuliza pembeni kwa nini asizichukue zote yeye, ni hatari, moja ikilowa tumekwisha. Alinijibu kwamba akizichukua yeye, watu hawa wangefika Kigoma maadui, na karatasi nzima haina faida kwa koperative iliyokufa. Basi tukaondoka. Ziwa lilichafuka kidogo katikati. Mama Prezida aliifunga ya kwake kwenye nailoni, akaitia kwenye ndoo ya maziwa yenye mfuniko. Papa Kesie aliikalia ya kwake. Ya tatu, ile yangu, nilimpa deklara, ikawa kifuani mwake, ndani ya kitenge, na maji yalipotumwagikia nilimwona anaomba bila kutoa sauti. Yalitufika vifundoni tu, naapa. Najua atakwambia shingoni.

Kigoma tulimkuta ajenti, kijana mpole wa watu. Akainuka.

"Shikamoo mama. Karibuni sana. Jamani, siku ile boti ilikuwa inaondoka, naombeni radhi." Kisha akaziona. Akainama karibu. "Mbona mihuri yote hii? Hawa ni akina nani?"

Akazihesabu kwa kidole.

"Haina shida," akasema. "Nipeni hizi zote nizifute, nichape seti mpya, safi kabisa. Nusu saa tu."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia nyepesi, na ninavyomjua deklara, ndiyo aliyoipenda yeye. Karatasi safi, bila mstari. Uso wake ulinawiri. Lakini Mama Prezida aliuliza kwa sauti ndogo: "Na kashe ya pasta wetu, bataitupa mu kapu ya takataka?" Papa Kesie naye akaangalia sakafu. Nikaelewa, na deklara akaelewa. Kule nyumbani wangesikia kwamba kashe za makanisa zimetupwa Kigoma. Huku wangesema zimetupwa kwa ujanja wa wale, kule wangesema kwa ujanja wa hawa. Hati ingekuwa safi, na sisi tungerudi kugombana.

Deklara akavuta kiti. "Hapana, mwanangu. Usichape. Saini hapa."

"Mama, hapana nafasi."

"Iko. Hapa, kati ya chifu na pasta. Andika jina yako, andika we ni ajenti wa msafirishaji, piga kashe yako. Zile zingine haziharibu kitu. Zilikosa paka ya kwako, ile moja tu."

Kijana alisita, akapiga simu kwa mkubwa wake, akarudi. Akasaini ya Mama Prezida. Akasaini ya Papa Kesie. Akasaini ya deklara. Kila moja jina zima, kazi yake, muhuri. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili nisiruke.

Halafu deklara akatoa fakture yetu, ankara ya kahawa, ambayo nayo ilikuwa na neno moja lililokatwa, akamsogezea kijana asaini pia. Kijana akacheka kwa adabu. "Mama, hii mmeitoa wenyewe, siyo mimi. Kosa ni lenu, mlirekebishe wenyewe. Benki haihitaji hata saini hapo."

Niliogopa. Kijana alikuwa amemfundisha deklara sheria yake deklara mwenyewe, mbele yetu. Deklara alikodoa macho. Kisha akafungua mfuko wake akatoa kifurushi cha ndagala, yaani dagaa, alizokuja nazo kwa ajili ya njiani, akamwekea mezani. "Kula," alimwambia. "Uko na akili." Tulipotoka nje aliniambia nikilisimulia jambo hilo Baraka, atanikana.

Karatasi zikapelekwa benki yetu kule Bukavu kabla ya siku ile mbaya. Afisa mmoja akapiga simu. Tulikuwa depo, deklara akaweka sauti tusikie wote.

"Mama, kwenye hati ya mzigo naona saini ya ajenti, ni sawa. Lakini hizi kashe zingine ni za nini?"

"Ni bajirani, papa. Balipita kusalimia."

Tukamsikia afisa anacheka kule Bukavu, kicheko cha kutoka tumboni. Akasema atazituma Ulaya kama zilivyo.

Nisikudanganye, kungoja kule kulinikondesha. Watu wa juu walikuwa wanashuka kila soko kuuliza. Watu wa chini walikuwa wanapita depo wakijifanya wanatafuta kivuli. Yule mchuuzi alipita mara moja na gari lake, polepole, akanisalimu kwa jina. Jibu lilipokuja lilikuja kwa simu ya Papa Kesie, na yeye hakuweza kuongea, alinipa tu simu nisome: karatasi zimekubaliwa, bila swali. Mama Prezida alikuwa amekaa juu ya magunia. Alishuka, akamshika Papa Kesie mabega kwa mikono miwili, akamtikisa. Jioni ile yalishuka maziwa kutoka mlimani, watu wa ziwani wakatoa mikeke, samaki wao wa kuchoma, bukari, yaani ugali, ikapikwa kwenye masufuria ya harusi, na deklara akaimba sauti yake ya pili na hakuna aliyemzuia. Nililia, nilicheka, nilikula mpaka nikaumwa. Sijawahi kufurahi vile tena kwa ajili ya kipande cha karatasi.

Lakini ile ilikuwa kahawa ya mara moja. Kuuza pamoja siku moja siyo kuaminiana, na nilijua, na yeye alijua. Hakutaka kulisema. Akaacha kazi kabla ya mavuno yaliyofuata. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, miwani yote mitatu ikawa haina kazi, akaenda kukaa kwa binti yake Mboko.

Mwezi uliopita nilimfuata. Nilipanda moto na bahasha kifuani, ndani yake seti mpya ya mavuno haya, niko njiani kuzipeleka benki. Nilitaka tu azishike. Alikuwa amekaa uani akichambua ndagala kwa kupapasa, akanitambua kwa kikohozi.

"Umenenepa," alisema.

"Mama, unanionaje?"

"Sikuoni. Ile mwendo yako njo inalia mu mchanga."

Binti yake akaniletea uji. Nilimwambia nimekuja na hati. Akanawa mikono, akaikausha kwenye kitenge mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akasema nimsomee. Nikamsomea. Jina la koperative, sawa. Jina la mnunuzi, sawa. Pa kupokelea mzigo, Baraka, imechapwa, hakuna mstari. Aliitikia kila neno kwa kichwa. Nilipomaliza aliuliza:

"Nani alienda Kigoma?"

"Papa Kesie."

"Na Mama Prezida?"

"Alibaki juu, mama. Binti yake alikuwa amejifungua."

Akakunja uso. Nikaona anahesabu kichwani, kama alivyokuwa akifanya anapohisi kosa. "Sasa orijinali yake ilibebwa na nani? Ulienda we?"

"Sikuenda. Ni Papa Kesie peke yake."

"Zote?"

"Zote. Mama Prezida ndiye alimwambia aende, asimngoje. Aliniambia, azibebe zote, ni yeye, hakuna maneno."

Alinyoosha mkono nikampa bahasha. Akazitoa moja moja, akazihesabu kwa kidole gumba, akazipanga magotini, akazilainisha kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Zote tatu," alisema. "Mu mukono moya."